Siku Dobi Alipoivaa Athene Shingoni

Haragwe jeupe lilipotua kiganjani mwake, Faidimos aliligeuza upande huu na upande ule, akalipuliza, akalisugua kwenye nguo yake, akiogopa huenda ni jeusi lililopauka tu. Halikuwa jeusi. Wajumbe wenzake arobaini na tisa waliokizunguka chungu cha kura wakaanza kupiga meza kwa viganja na kumshangilia.

"Mbona unalikodolea macho kama limekutukana?" alisema Smikithos, muuza vitunguu, huku akijivua kamba ya funguo shingoni. "Zamu yangu inakwisha jua likizama, na hilo hapo linazama. Inama nikuvike, ndugu yangu. Huu hapa mji wako. Usiupoteze."

Faidimos aliinama. Funguo za mahekalu zikamgonga kifuani, na katikati yake ukaning'inia muhuri wa Athene wenye picha ya bundi. Hivyo ndivyo dobi wa mtaa wa Melite, mtu wa miaka arobaini na miwili, mwenye miguu iliyobabuka kwa kukanyaga nguo za watu ndani ya mapipa ya magadi na mkojo, alivyokuwa mkuu wa Athene. Mkuu wa usiku mmoja na mchana mmoja. Kesho jioni wangetia mikono chunguni tena, na haragwe jeupe lingemwangukia mwingine. Yeye asingevikwa tena mpaka anakufa, maana sheria ilikuwa mara moja tu kwa kila mtu, basi.

Alianza kucheka. Hakujua anacheka nini. Alikuwa amekunywa nusu kikombe tu cha divai, tena iliyotiwa maji mengi, lakini kichwa kilimzunguka kama mtu aliyebembea sana.

Mkuu wa siku haruhusiwi kulala kwake. Faidimos alilala pale pale barazani, katika Nyumba ya Duara, pamoja na wenzake wa zamu, na kila alipogeuka funguo zilipiga kelele, mpaka sauti fulani ikasema, "Mheshimiwa, utawala wako unatunyima usingizi."

Asubuhi alikuwa anakula jibini na mkate wa shayiri wakati vicheko vilipoanza kusikika kutoka sokoni. Vicheko vilikuja vikiongezeka. Mlangoni akaingia mlinzi wa bandarini, jasho likimtoka, nyuma yake wageni wawili, na nyuma ya wageni watu wasiopungua mia mbili wakisukumana ili waone.

"Mjumbe wa Waajemi," alisema mlinzi. "Ametoka kwa liwali wa Sardi. Amekuja kwa amani, ana fimbo ya upatanishi. Tangu tuingie mjini anauliza mfalme yuko wapi. Muuza samaki amemwelekeza kwa fundi viatu, fundi viatu amemwelekeza kwa kinyozi, kinyozi amemwelekeza kwa punda wake. Tumezunguka soko mara tatu."

Mjumbe mwenyewe aliitwa Bagadata. Alikuwa mrefu, ndevu zake zimesokotwa na kupakwa mafuta mazuri, joho lake limetariziwa simba wa dhahabu. Lakini watu hawakuwa wanaangalia simba. Walikuwa wanaangalia suruali. Athene nzima haikuwa na suruali hata moja, na hizi zilikuwa nyekundu. Kando yake alisimama mkalimani, Mgiriki wa Mileto aitwaye Molpagoras, mtu mwenye macho ya mchovu ambaye maisha yake yote alikuwa akisema maneno ya wengine.

"Bwana wangu anauliza kwa mara ya mwisho," alisema Molpagoras. "Mfalme yuko wapi?"

Mikono arobaini na tisa ilimwonyesha Faidimos, ambaye shavu lake moja lilikuwa limejaa jibini.

Molpagoras alimtazama usoni, akashuka mpaka miguuni, akapanda tena. "Huyu?"

"Huyu huyu," alisema Smikithos. "Ila mumwahi, maana jioni anakwisha."

Mkalimani alinong'ona. Bagadata hakuonyesha mshangao wowote, alikuwa amelelewa ikulu. Alipiga hatua tatu, akapiga magoti, kisha akajilaza chini kifudifudi, paji la uso likigusa sakafu.

Hakuna mtu aliyewahi kumfanyia Faidimos jambo kama hilo. Wateja wake wengi hata salamu hawakumpa kwa sababu ya harufu. Kwanza alidhani mgeni amezimia. Kisha akadhani labda ndiyo salamu ya kwao, na asingependa ionekane kwamba Athene haina adabu. Akalimeza lile jibini zima zima, naye akajilaza chini kifudifudi, uso kwa uso na Mwajemi, pua zao zikikaribia kugusana.

Bagadata alifungua jicho moja. Akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Anasemaje?" aliuliza Faidimos kutoka sakafuni.

Molpagoras hakusikia vizuri, na itifaki haikumruhusu kusimama juu ya bwana wake, kwa hiyo naye ikabidi alale. "Anauliza," alisema, shavu lake likiwa juu ya jiwe baridi, "anauliza tunafanya nini huku chini."

"Mwambie mimi nilidhani yeye ndiye anayejua."

Nyumba ya Duara ililipuka kwa kicheko. Watu walishika mbavu, walishika nguzo, walishikana wao kwa wao. Mzee mmoja wa zamu alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, ikabidi apigwe mgongoni. Na Faidimos mwenyewe alicheka pale pale chini, funguo zikimchoma kifuani. Alishangaa kuona ndevu za yule bwana mkubwa nazo zinatetemeka.

Walipoinuka na kuketi, kazi ikaanza.

"Jana alikuwa nani?" aliuliza Bagadata kupitia kwa mkalimani wake.

"Mimi," alisema Smikithos. "Nauza vitunguu pale pembeni mwa chemchemi."

"Na kesho?"

"Kesho ni haragwe ndilo linalojua," alisema Faidimos. "Ukija kesho utanikuta kazini kwangu nafua."

Bagadata akatoa barua. Molpagoras aliisoma. Liwali wa Sardi alikuwa na mpwa wake aitwaye Farnuka, aliyetekwa na Waathene katika vita vya pwani ya Pamfilia miaka mitatu iliyopita, na ambaye mpaka leo alikuwa katika gereza la mji. Liwali alitaka arudishiwe kijana wake. Naye angewarudisha Waathene sita, wapiga makasia waliotekwa katika vita vile vile. Majina yao yalikuwa yafuatayo. Molpagoras akayataja moja moja, na la tano likawa hili: "Lisanias, mwana wa Kefisios, wa mtaa wa Melite."

Faidimos hakusikia la sita.

Lisanias alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe Mirtale. Miaka mitatu iliyopita merikebu ilirudi bila yeye. Walimwekea jiwe la kaburi lisilo na mtu chini yake, na Mirtale alinyoa nywele, na tangu siku hiyo hakuimba tena akikanyaga nguo. Na sasa mtu mwenye suruali nyekundu alikuwa amelitaja jina hilo kama mtu anayetaja bei ya samaki.

Wale hamsini wa zamu hawakuchelewa. Siku hiyo hiyo ilikuwa siku ya Mkutano wa wananchi wote juu ya kilima, na walikubaliana jambo hilo lipelekwe huko. Wengine walipotawanyika kwenda kujiandaa, Bagadata aliomba neno la faragha na mkuu.

"Bwana wangu ameuona uso wako lilipotajwa jina la tano," alisema Molpagoras kwa upole. "Anasema, mambo haya hayahitaji umati. Umati ni kama bahari, leo shwari, kesho inakuzamisha. Meli yetu ina amri ya kung'oa nanga kesho alfajiri, na barua ya namna hii haitaandikwa tena. Muhuri unao shingoni. Huu hapa udongo laini. Gonga hapa, mlinzi wa gereza atatii, na ndugu yako atakuwa nyumbani kabla zabibu hazijaiva. Na kikombe hiki cha dhahabu ni chako, kwa usumbufu."

Faidimos aliushika muhuri. Bundi alimtazama. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, kubonyeza tu, na mkono wake ulijua kubonyeza. Kichwa kilianza tena kumzunguka. Aliona nywele za Mirtale zilivyokuwa siku ile, zimetapakaa sakafuni. Halafu akaona Mirtale akiambiwa sokoni kwamba mumewe aliuchezea mji siku moja aliyopewa, akajitilia mfukoni alichotaka, na kesho yake atakayevikwa kamba naye afanye lake.

"Mwambie bwana wako hivi," alisema mwishowe. "Mimi ni dobi. Muhuri huu ni kama nguo ya mteja. Nimeachiwa niutunze, niurudishe jioni ukiwa safi. Siwezi kuuvaa kwenda nao harusini."

Molpagoras alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Sijui nimtafsirie vipi. Huyu bwana nguo ikichafuka anashonewa nyingine."

"Basi mwambie aje Mkutanoni aseme mwenyewe. Nitampa nafasi."

"Anauliza huko wako wangapi."

"Hali ya hewa ikiwa nzuri? Elfu sita."

Bagadata alipotafsiriwa hilo, alikaa chini bila kuangalia kama pana kiti. Kwa bahati kilikuwepo.

Nje ya mlango Mirtale alikuwa anamsubiri mumewe na joho safi mkononi, jeupe kuliko la mtu yeyote mjini, maana alilifua yeye. Alikuja kumwona mkuu wa Athene kabla hajaisha.

"Mke wangu, kaa chini."

"Nikae wapi, barabarani? Una nini? Umefukuzwa?"

"Lisanias yu hai."

Alimpiga kwa lile joho. "Usinitanie kwa jambo hilo, Faidimos. Kwa lolote lingine nitanie, lakini siyo hilo!"

"Yu hai. Yuko Sardi. Jina lake liko kwenye barua, na jina la baba yenu, na mtaa, pamoja na ya wenzake watano."

Mirtale alipiga kelele iliyowarusha njiwa wote wa paa la Nyumba ya Duara. Alimkumbatia, akamsukuma, akamkumbatia tena, funguo zikilia katikati yao. Kisha akanyamaza ghafla, macho yametua kwenye muhuri.

"Basi gonga. Unangoja nini? Gonga hiyo barua!"

"Siwezi. Ni ya Mkutano kuamua."

"Huwezi? Athene nzima unayo shingoni, na huwezi kumrudisha kaka yangu mmoja?"

"Ndiyo maana siwezi, Mirtale. Ningekuwa sina, ningekwenda kumwiba kwa mikono yangu."

Alimkazia macho, na Faidimos aliogopa macho hayo kuliko ya wale elfu sita. Mirtale alipangusa pua kwa mkono. "Nani atapinga?"

"Kharopinos. Unamjua. Kila linalotoka Uajemi anapinga, na akianza kusema hanyamazi."

"Na kinachohesabika huko ni mikono?"

"Mikono tu."

"Haya." Alimvika joho, akalinyoosha begani kwa pigo moja, akafunga vazi lake juu ya magoti. "Wewe kawakalishe. Mikono niachie mimi." Akaondoka mbio, kichwa wazi, akikata katikati ya soko kama mtu anayekimbilia moto.

Kwa kawaida watu wa Athene huburutwa Mkutanoni. Watumwa wa mji hutanua kamba iliyolowekwa rangi nyekundu na kufagia soko nayo, na atakayechelewa huguswa akapata doa na faini. Faidimos siku zote aliipenda kamba hiyo, kwa kuwa kila doa lilikuwa mteja. Lakini siku hiyo wenye kamba walisimama midomo wazi, hawana wa kumfagia. Watu walikuwa wanapanda kilima kwa makundi, wanaume wa kila mtaa, wengine bado wana unga mikononi, wengine wamevaa kiatu kimoja.

"Wewe leo umefuata nini?" mmoja alimwuliza jirani yake chini kidogo ya jukwaa alipoketi Faidimos.

"Mke wangu kasema nije ninyanyue mkono. Hakusema kwa ajili ya nini. Kasema nikishusha kabla ya wakati, chakula nitajipikia."

"Mimi kanileta mama mkwe. Kaja mpaka kiwandani na mwiko."

"Kwangu kaja mwanamke simjui kabisa! Kanishika sikio!"

Mirtale alikuwa amezipitia nyumba za wale sita, na mama, dada na wake wa wale sita wamepita nyumba za majirani, na majirani wamepita visimani. Kufikia saa nne kilima kilijaa mpaka watu wakapanda juu ya miamba. Faidimos aliketi juu kabisa kwenye kiti cha mwenyekiti, akaona vichwa vyote vile vikimgeukia yeye, na akashikwa na cheko la tumboni ambalo ilibidi alifiche kwa kikohozi.

Kulichinjwa nguruwe wa kafara, kukaombwa dua. Likaja suala la ngano, likapita. Likaja suala la daraja, likapita. Kisha tarishi, mpiga mbiu wa Mkutano, akaita mambo ya Waajemi. Bagadata akapanda jukwaani, na elfu sita wakapiga miluzi kwa ajili ya suruali. Alisema yake kwa ufupi na kwa heshima, na Molpagoras akayatafsiri. Watu walisikiliza. Majina ya wale sita yaliposomwa, kila jina lilijibiwa na kilio cha furaha mahali fulani ndani ya umati.

"Nani anataka kusema?" aliita tarishi.

"Mimi," alisema Kharopinos.

Alikuwa mzee mwenye mabega mapana na sauti iliyofika kila pembe. Miaka kumi na tano nyuma, Waajemi walipouchoma mji, nyumba ya baba yake ilikuwa ya kwanza kuwaka katika mtaa wao, na yeye aliutazama moshi huo kutoka kisiwani Salamini, hana la kufanya. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwamba maadamu mpwa wa liwali yuko mikononi mwetu, liwali atafikiri mara mbili kabla ya kutuma merikebu zake. Alisema hilo mchana. Alilisema tena jua lilipoanza kuegemea. Alieleza vita vya baba yake, kisha vya babu yake, kisha akaanza mvua ya mwaka fulani. Hakuna sheria iliyomzuia mwananchi kusema kadiri apendavyo.

Ndipo Faidimos alipotambua. Jua likizama mikono haionekani, na mikono isipoonekana kura haipigwi. Tena jua likizama yeye si mkuu. Na alfajiri meli ya Bagadata inaondoka. Kivuli cha jukwaa kilikuwa kimefika nusu ya kilima.

Alimwita mlinzi. "Nenda gerezani, mbio. Mlete Farnuka."

"Yule Mwajemi? Kwa ajili ya nini?"

"Tangu mchana tunabishania mtu ambaye hatujamwona. Wananchi wana haki ya kumwona."

Gereza halikuwa mbali. Farnuka aliletwa na walinzi wawili ambao walikuwa wakigombana naye njia nzima kuhusu mchezo wa kurusha vifupa walioukatisha. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mwembamba, amevaa kipande cha shuka kama mtu yeyote wa bandarini. Miaka mitatu aliishi na walevi, wezi wa kuku na mabaharia wa Athene, na lugha aliyojifunza ilikuwa ya kwao.

Alisimama chini ya jukwaa, akamsikiliza Kharopinos kidogo, kisha akageukia umati.

"Jamani! Huyu mzee bado anaongea? Nimekuwa nikimsikia toka gerezani, nikadhani ni wauza samaki wawili wanapigana!"

Kilima kizima kilitikisika. Hayakuwa maneno tu, ilikuwa lafudhi. Kijana wa ukoo wa maliwali alisema kama mpakua makapu wa bandarini.

"Anasemaje?" Bagadata alimshika mkono Molpagoras.

"Anawasalimu, bwana wangu."

"Mzee Kharopinos," Farnuka aliendelea, "kwa heshima zako zote, baba yangu, shuka. Mimi nina njaa. Hawa wana njaa. Jua lenyewe limechoka linataka kulala. Mkitaka kunibakiza, nibakizeni, uji wa gereza nimeshauzoea na huyu mlinzi ananidai mchezo mmoja. Lakini pigeni kura, mbona mnanitesa!"

Watu walikuwa wanalia kwa kicheko. Walinzi walikuwa wanalia. Kharopinos alinyanyua mkono kutaka utulivu, na hakuupata, na akasimama pale juu, mdomo wazi, uso umemwiva. Faidimos akaona kwamba mzee huyo hakuwa na hasira. Alikuwa amepotea tu, katikati ya kicheko ambacho hakuweza kukiingia.

Akainuka kwenye kiti chake. Hakuwa amewahi kusema mbele ya watu zaidi ya kumi.

"Mzee Kharopinos," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba, akaikaza. "Mimi ni Faidimos, dobi. Nguo zako nazifua mimi. Ule moshi wa mwaka ule ulikuingia mahali ambapo mimi siwezi kuutoa, wala simjui dobi anayeweza. Sikuombi uusahau. Lakini wale sita wako hai, baba. Mmoja ni shemeji yangu, na nasema wazi mbele ya wote ili asiwepo wa kusema nilificha. Naomba uwape mwanga uliobaki."

Kicheko kilikufa. Kharopinos alimtazama dobi wake, akatazama jua.

"Nitapinga hata hivyo," alisema.

"Pinga, mzee wangu. Ndiyo kazi ya mkono."

Mzee akashuka jukwaani.

"Wanaokubali!" aliita tarishi, karibu aruke.

Mikono ilipanda. Faidimos alikuwa ametazama mikono hiyo miaka mingi akiwa chini, katikati yake, na hakuwahi kuiona kutoka juu. Yenye unga, yenye lami, yenye vidole vitatu, mikono ya watu walioshikwa masikio asubuhi, yote imenyooka katika mwanga mwekundu. Smikithos alinyanyua yote miwili, akapigwa kumbo na jirani yake ashushe mmoja. Waliopinga walikuwa kama mia mbili, na Kharopinos alinyanyua wake juu kabisa, na hakuna aliyemzomea.

"Imepita," alisema Faidimos. Alitaka kuisema kwa heshima ya kiti chake, lakini ilitoka kama yowe la mtu aliyeruka mtoni.

Walimletea barua na udongo. Kwa haraka ya kuliwahi jua akagonga muhuri kichwa chini, na mpaka leo katika barua ile bundi wa Athene ananing'inia kama popo. Wakati huo huo jua likazama. Mtu akamgusa begani. Alikuwa mjumbe mwenzake, mfinyanzi asiye na meno ya mbele, haragwe jeupe mkononi, maana chungu kilikuwa kimepitishwa pale pale kilimani, akitabasamu mpaka masikioni.

"Inama, Mheshimiwa," alisema mfinyanzi. "Usinicheleweshee utawala wangu."

Kule chini, Bagadata alikuwa amemkumbatia Farnuka, akijaribu kutojali harufu. Baadaye alimjia Faidimos, ambaye shingo yake sasa ilikuwa tupu na nyepesi.

"Bwana wangu anauliza," alisema Molpagoras, "amshukuru nani. Ana zawadi zote hizi na hajui aziache kwa nani."

Faidimos alionyesha mteremko. Elfu sita walikuwa wanashuka wakitafuta chakula, wakigombana, wakiimba, wakiitana majina. Bagadata aliwatazama mpaka wa mwisho akafika chini. Kisha akatoa kile kikombe cha dhahabu, akaagiza kiwekwe hekaluni. Molpagoras alibaki nyuma kidogo.

"Kwetu Mileto," alisema mkalimani, "zamani kabla Waajemi hawajaja tulikuwa tunanyanyua mikono hivi. Nilikuwa mdogo. Baba aliwahi kunibeba begani nikaona." Akamshika Faidimos mkono, akaukaza, akakimbia kumfuata bwana wake.

Meli iliyowaleta wale sita iliingia bandari ya Pireo siku ishirini na nne baadaye, na ilikuwa bado haijafungwa vizuri Mirtale alipojitupa majini na viatu vyake, maji yakimfika kifuani. Lisanias alikuwa amekonda, ana ndevu za Kiajemi, ana mvi ambazo hakuondoka nazo. Aliruka kutoka ubavuni mwa meli. Dada yake alimpiga kofi moja la nguvu kwa ajili ya miaka mitatu, kisha akamning'inia shingoni, na wote wawili wakazama, wakaibuka wakikohoa, wakazama tena kwa kicheko.

Faidimos alisimama gatini, anasukumwa huku na kule na akina mama watano wengine. Baharia mmoja alimtupia mzigo wa Lisanias bila kumtazama usoni, akamfokea, "Wewe, shika hapo, usizibe njia!" Aliushika. Akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, mpaka akalazimika kuketi juu ya mzigo wenyewe, machozi yakimtiririka, huku Mirtale akipanda ngazi za gati amelowa chapachapa, anaimba.